Sindano Isiyouma

Theuri alikuwa na karatasi mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa inasema uongo.

Ya kwanza ilikuwa kadi ya kliniki ya Murugi, mke wa Gatimu, kutoka zahanati ya Kiamboro, juu kabisa ya Othaya, pale ambapo chai inaishia na msitu unaanza. Kadi ilisema kwamba tarehe kumi na nne Januari 1981, Murugi alidungwa dozi kamili ya penisilini ya kutibu kaswende. Kando yake palikuwa na sahihi ya muuguzi, safi, iliyonyooka. Karatasi ya pili ilitoka maabara ya Nyeri wiki iliyopita. Murugi alikuwa na mimba ya miezi saba, damu yake ikapimwa tena kama kawaida, na kaswende ilikuwa bado imo. Si kuwamo tu. Mwezi wa Januari alama ya ugonjwa ilionekana hata damu ilipozimuliwa mara kumi na sita. Sasa, Septemba, ilionekana hata ikizimuliwa mara thelathini na mbili.

Damu ya mtu aliyetibiwa hushuka. Hii ilikuwa imepanda.

Watu walimwita Theuri Bwana Afya, jina ambalo kila afisa wa afya hupewa, apende asipende. Zamani kazi yake ilikuwa kupima vyoo na kufunga bucha chafu. Lakini kwa miaka minne sasa wilaya ilikuwa imempa kazi nyingine: kuifuata kaswende kutoka mtu hadi mtu, polepole, akiuliza nani alilala na nani na lini. Kazi ya kukaribishwa uji hiyo siyo. Aliwahi kufukuzwa kwa panga Karatina, na kule Mwea mama mmoja alimmwagia maji ya mchele.

Alijua kwamba maelezo yalikuwa mawili tu. Ama Murugi aliambukizwa tena baada ya Januari, ama ile dawa haikumwingia. Kiamboro nzima ilikuwa imeshachagua maelezo ya kwanza, na ilikuwa inayatafuna kwa raha.

Alhamisi asubuhi alimkuta Murugi nje ya jikoni. Mlangoni palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Sanduku la nini hilo, Mama Ngendo?" Theuri akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Yangu. Jumamosi Gatimu na wazee wawili wananirudisha kwa baba yangu, Mwea. Ati sindano ilinimaliza gatego, huu ugonjwa, basi hii ingine nimetoa wapi?"

"Na umeitoa wapi?"

Theuri aliwauliza watu wote hivyo hivyo, bila kuzunguka. Murugi hakukasirika. Alikuwa amechoka mno kukasirika.

"Bwana Afya, mimi natoka hapa naenda kwa chai. Natoka kwa chai naenda kwa mizani kupima majani. Natoka kwa mizani narudi hapa kupika. Huyo mwanaume ningekutana na yeye wapi? Juu ya mizani?"

"Siku ya sindano. Niambie yote."

"Nilidungwa saa tatu asubuhi. Hapa na hapa." Alijigusa makalio yote mawili. "Saa nne nilikuwa kwa chai. Nilipeleka kilo thelathini na mbili siku hiyo, mpaka karani akanisifu."

"Hukuumwa?"

"Nidungwe na Sista Monicah niumwe? Wee! Huyo ako na mkono ya malaika. Hata watu wa ng'ambo ya mto wanapita zahanati yao wanakuja kwake."

Theuri akaandika: pande mbili, saa tatu, kilo 32. Aliandika kila kitu, hata rangi ya mbuzi. Nusu ya yaliyokuwa ndani ya daftari lake ilikuwa takataka, naye alilijua hilo.

"Yule wa Desemba," Murugi akasema bila kuulizwa, "alikuwa kijana. Alizaliwa amekufa lakini alikuwa na nywele mingi kabisa. Huyu sasa anacheza. Shika uone anavyocheza." Theuri hakushika. "Mimi nataka huyu tu. Mambo ya Gatimu nitashughulika nayo baadaye. Lakini nikifika Mwea, nani atajua habari ya damu yangu? Baba atanificha kwa nyumba kwa sababu ya aibu."

Alikuwa amesema kweli tupu. Mama aliyerudishwa kwao kwa ajili ya ugonjwa huo haendi kliniki tena. Theuri alikuwa na siku mbili.

Gatimu alikuwa sokoni Othaya akipakia kabichi kwenye lori. Mtu wa miraba minne, shati limefunguliwa vifungo, hasira imemkaa usoni.

"Mimi sina maneno," akasema. "Nilienda kudungwa na yeye siku moja. Mimi nikapona. Yeye amerudia. Hesabu ni ya nini hapo?"

"Umejuaje kama umepona?"

"Si nilidungwa?"

"Hukuitwa kupimwa tena?"

"Nani ako na hiyo nafasi?"

"Ukipeleka kabichi Nairobi, pale Kenol njiani huwa unalala wapi?"

"Kwa lori."

"Na nani?"

"Na kabichi."

Theuri akangoja. Alikuwa fundi wa kungoja. Gatimu akatupa kabichi mbili, ya tatu akaishika.

"Kulikuwa na mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Hapo Kenol, kwa hoteli. Mwaka jana. Lakini mtoto alipokufa niliapa, na sijarudi. Muulize."

"Nilimuuliza kitambo. Nilimpata mwezi wa pili, akakutaja kwa jina. Alitibiwa Murang'a, na damu yake imeshuka mpaka karibu hakuna kitu." Theuri akafungua daftari kuhakikisha. Ndiyo, ilikuwemo, pamoja na malalamiko yote ya yule mama kuhusu matibabu, maana alikuwa mama wa maneno mengi. "Na wewe, siku ile ulipodungwa?"

"Nilitoka zahanati nikaingia kwa lori, nikaendesha mpaka Nairobi bila kusimama. Mimi si mtoto."

"Nipe mkono."

"Wa nini?"

"Damu. Nikikuta umepona kweli, Jumamosi nitakusaidia kubeba hilo sanduku."

Hapo Gatimu hakuwa na ujanja. Akakunja mkono wa shati, huku wapakiaji wakijifanya hawaoni.

Kama dawa haikumwingia Murugi, basi ilienda mahali. Theuri alikuwa ameona zahanati nyingi, na jambo la penisilini kutoka kwa mlango wa nyuma halikuwa geni kwake. Alasiri hiyo alipanda Kiamboro na kuingia kwa Sista Monicah bila kubisha, kusudi.

Monicah alikuwa mama wa miaka hamsini, mfupi, kofia nyeupe imekaa kichwani sawasawa. Alikuwa ameiendesha zahanati hiyo peke yake tangu ilipojengwa. Alimtazama Theuri, akatazama viatu vyake vyenye matope, akamtazama tena.

"Pangusa miguu, Bwana Afya. Wewe ndiye unatufundisha usafi."

Theuri akarudi mlangoni, akapangusa.

"Nataka kuhesabu penisilini ya kaswende."

"Hesabu."

Vichupa vilivyopokewa tangu Januari vilikuwa arobaini. Rafuni vilibaki tisa. Waliodungwa kwenye rejista walikuwa thelathini na mmoja, jina kwa jina. Na chini ya meza, ndani ya debe, Monicah alikuwa ameweka vichupa vilivyotumika ili siku moja mtu wa wilaya aje avihesabu. Theuri alivipanga sakafuni kumi kumi. Thelathini na kimoja. Hakukosekana hata kimoja.

"Ulifikiri nauza dawa," Monicah akasema.

"Nafikiri kila kitu, Sista. Ndiyo kazi."

"Basi fikiria pia tumbo. Keti unywe chai. Umekuwa mwembamba kama ufito."

Theuri akaketi, amejaa haya. Monicah akamimina chai kupitia kichujio, akagonga machicha ndani ya karai, akampa kikombe. Wakanywa. Alimweleza kwamba alipokuja Kiamboro mara ya kwanza wanawake walikuwa wakiikimbia ile sindano, kwa sababu walikuwa wakidungwa kwingine, na ukidungwa leo, kesho huwezi kupanda mteremko na kikapu mgongoni. Na chai haingoji mtu. Majani yakipita siku yake yanakuwa magumu, karani anayakataa.

"Sasa wanakuja wenyewe," akasema. "Hakuna anayekimbia."

Wakati wa kuondoka Theuri aliomba kichupa kimoja kitupu, labda dawa yenyewe ilikuwa imeharibika kiwandani. Ndani, chini kabisa, palikuwa na kitu cheupe kilichogandama kama ukoko wa sufuria. Akakifunga kwa karatasi.

Ijumaa saa sita majibu ya damu ya Gatimu yalitoka. Thelathini na mbili, sawa na ya mkewe.

Kwa hiyo bwana aliyepona hakuwa amepona. Theuri alisimama kwenye ngazi za maabara akipiga hesabu. Watu wawili, siku moja, muuguzi mmoja, na dawa imewapita wote wawili. Kama ni kuambukizwa upya, basi Gatimu ndiye aliyeuleta tena. Lakini kama Gatimu alikuwa ameapa na akatimiza? Akachukua kile kichupa, akaenda dukani kwa Kirit.

Duka la dawa la Kirit lilikuwa karibu na stendi ya mabasi. Lilikuwa la baba yake, mzee Haridas, ambaye bado alikuja kila siku kukaa nyuma ya kaunta na kulalamikia baridi. Kirit akakigeuza kichupa, akasoma kibandiko.

"Dawa iko sawa. Haijaisha muda mpaka eighty-three. Nani alitumia hii?"

"Zahanati moja. Kwa nini?"

Kirit alivuta maji safi kwa bomba la sindano, akayaingiza kwenye kile kichupa kitupu, akakitikisa kwa nguvu mpaka mzee Haridas akageuka kutazama. Kisha akakiweka juu ya kaunta. Kichupa kilikuwa kimejaa kitu cheupe, kizito, kama maziwa.

"Bwana Theuri, hii si empty. Dawa iko ndani, karibu yote. Huyo mgonjwa wako alidungwa maji."

"Maji?"

"Hii haiyeyuki. Iko kama chokaa. Lazima utikise, uvute haraka na sindano nene, udunge haraka kabla haijatulia. Inakaa ndani ya nyama, inatoka kidogo kidogo wiki mbili, tatu. Ndiyo maana inaua ugonjwa. Na ndiyo maana inauma! Mtu akidungwa hii hawezi kukaa kitako."

Theuri akafungua daftari lake la takataka. Yule mama wa Kenol, aliyepona: *amelalamika sana, alilala kifudifudi siku mbili.* Murugi: *saa nne kwa chai, kilo 32.* Gatimu: *Nairobi bila kusimama.* Muda wa saa nne nzima juu ya kiti cha lori, kwenye makalio yaliyodungwa asubuhi hiyo hiyo. Yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe na hakuyaona.

"Mjinga mimi," akasema.

"Kabisa," mzee Haridas akaitikia kutoka nyuma ya kaunta, ingawa hakujua ni kuhusu nini.

"Kirit, niazime sindano zako nene."

Jumamosi saa moja na nusu Theuri alikuwa Kiamboro. Alimwomba Monicah atayarishe dozi moja ya Murugi, vile vile anavyofanya siku zote, asibadilishe kitu. Yeye akasimama kando, mikono mgongoni.

Monicah akachemsha bomba la kioo na sindano. Sindano ilikuwa nyembamba, ile ya watoto. Akatia maji kwenye kichupa, akakitikisa kidogo, maji yakawa meupe. Halafu akakiweka dirishani na kuanza kukunja bandeji.

"Tunangoja nini, Sista?"

"Itulie."

Dakika kumi zikapita. Cheupe chote kilishuka chini, juu pakabaki maji maangavu. Monicah akakishika kichupa kwa uangalifu sana, asikitingishe, akavuta yale maji ya juu mpaka yakaisha.

"Hii uliyovuta ni nini?" Theuri akauliza.

"Dawa."

"Na hii iliyobaki?"

"Machicha. Ukivuta na machicha, sindano inaziba, na mtu anaumia bure. Ile penisilini ya zamani tuliyofundishwa ilikuwa safi kama maji. Hii mpya ilipoletwa nikaona imejaa unga. Nikasema, ni kama chai. Majani yakishatoa nguvu kwa maji, unachuja."

Theuri akatoa kichupa cha Kirit mfukoni, akakitikisa mbele yake. Kikawa maziwa.

"Hiki ni kile ulichonipa Alhamisi. Hii haitoi nguvu kwa maji, Sista. Machicha ndiyo dawa."

Monicah alikitazama. Akachukua kile chake kutoka mezani, akakitia maji, akakitikisa, akakitazama nacho. Akakaa juu ya kiti cha wagonjwa.

"Wote?"

"Thelathini na mmoja."

"Mke wa Wamae alijifungua mwezi wa sita," akasema. "Nilikuwa nimemdunga mwezi wa nne. Mtoto hakupumua. Nilimshika na mikono hii, nikamwambia mama, ni mpango wa Mungu." Akaifungua mikono yake, akaifunga. "Nilimwambia ni mpango wa Mungu, Bwana Afya!"

Theuri alimwacha alie kiasi, kisha akavuta rejista.

"Wenye mimba sasa ni wangapi?"

Monicah akapangusa uso kwa kona ya aproni. "Wanne. Murugi ndiye wa miezi mingi zaidi."

"Bado kuna wakati?"

"Kama ni leo, uko. Halafu damu kila mwezi, na mtoto apimwe akizaliwa."

"Basi tunaanza naye. Ripoti nitaiandika Jumatatu. Nitaandika yote."

"Andika," akasema Monicah. "Usiache kitu."

Nje lori la Gatimu lilikuwa limesimama, sanduku limepakiwa, wazee wawili wameketi mbele kwa makoti mazito. Theuri ndiye aliyewaambia wapitie pale kabla ya kushuka Mwea, na afisa wa serikali akisema, watu husimama. Murugi aliingia peke yake. Monicah alimuuliza kama sindano ya penisilini imewahi kumwasha au kumvimbisha. Hapana. Akamweleza kosa lake kwa maneno machache, bila kujitetea. Murugi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo sikuwa na mtu," akasema.

"Hukuwa na mtu."

"Nilikuwa najua. Nilitaka tu mwingine aseme."

Akageuka, akashika ukingo wa meza. Monicah akachukua sindano nene ya Kirit. Akakitikisa kichupa kwa nguvu, akavuta haraka, akadunga. Mayowe ya Murugi yalisikika mpaka kwenye mizani ya chai.

"Uuuui! Sista, unaniua!"

"Bado upande mmoja, mama. Vumilia."

Gatimu alikuja mbio mlangoni. Theuri alimsimamisha hapo hapo, mbele ya wazee. Kwa kawaida alificha siri za watu kama padri, lakini hii Gatimu alikuwa ameshaitandaza mwenyewe kijiji kizima.

"Kosa lilikuwa la sindano. Wewe na mkeo hamkupata dawa hata tone. Ugonjwa alio nao leo ni ule ule wa Desemba. Na ule wa Desemba," akasema, "wewe unajua ulitoka wapi."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kuchunguza kichwa cha fimbo yake.

"Damu yako ni thelathini na mbili," Theuri akaendelea. "Ingia. Ni zamu yako."

Gatimu aliingia. Hakupiga mayowe, lakini alitoka jasho likimtiririka, mguu mmoja ukikataa kumfuata. Murugi alikuwa amesimama uani ameshika ukuta, uzito wote upande mmoja, mkono mwingine juu ya tumbo. Kwa mara ya kwanza tangu Sista Monicah aje Kiamboro, watu wawili walitoka kwake wakichechemea. Wanawake waliokuwa wakienda kuchuma wakasimama na vikapu vyao.

Gatimu alimsogelea mkewe. Akatazama chini.

"Mama Ngendo," akasema. "Twende nyumbani."

Murugi hakusogea.

"Nyumbani ya nani?"

Hakuna aliyemsaidia kujibu, si wazee, si Theuri. Gatimu akachechemea mpaka kwenye lori, akapanda kwa shida huku akiuma meno, akalishusha lile sanduku la bati. Akajitwika begani, akaanza kuupanda mlima wa nyumbani kwao kwa miguu, hatua moja, kupumzika, hatua nyingine, kupita katikati ya wanawake wote wa chai.

Murugi alimwacha atangulie mpaka kwenye kona. Ndipo akaanza kumfuata, taratibu.